Hulka, Kazi na Mhusika: Nadharia za Nafsi katika Historia ya Nyanza Kusini

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapoandika kwamba mhusika fulani ana hulka ya ukali, au kwamba tabia yake haibadiliki tangu mwanzo wa riwaya hadi mwisho, huwa amekwisha kuchagua nadharia, hata kama hakukusudia. Maneno anayoyatumia yana historia yake. Neno tabia limetokana na Kiarabu, na huko asili yake ni maumbile, yaani lile ambalo kiumbe amezaliwa nalo. Maana hiyo ingali hai katika neno tabianchi, kwa kuwa hakuna anayedhani kwamba nchi hufundishwa joto au mvua. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku mwalimu humwambia mwanafunzi abadili tabia yake, na mzazi hulaumiwa kwa tabia ya mwanawe. Neno hulka nalo linatokana na shina lenye maana ya kuumba. Haiba ni jinsi mtu anavyoonekana na kuwavutia au kuwatisha wengine. Nafsi ni ile iliyomo ndani, asiyoiona mtu mwingine. Kwa hiyo lugha yenyewe haijakata shauri ikiwa utu wa mtu umo katika kuumbwa kwake, katika malezi yake, machoni pa wenzake, au mahali pa siri pasipofikiwa na yeyote.

Methali nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema moja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husema nyingine. Na wazee hawajaona haya kuzitumia zote mbili katika baraza moja. Mgawanyiko huu si wa Waswahili peke yao. Matabibu wa Kiyunani, na baada yao matabibu wa Kiislamu kama Ibn Sina, walifundisha kwamba hulka hutokana na mizani ya majimaji manne ya mwili, na mabaki ya elimu hiyo yamo katika maneno kama balghamu na safura. (Safura kwa watu wengi leo ni ugonjwa wa minyoo tu, hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na wakati ambapo neno hilo lilieleza kwa nini mtu ni mwepesi wa hasira.)

Makala haya yanafuatilia nadharia za nafsi katika eneo moja ambalo halitajwi mara nyingi katika vitabu vya saikolojia wala vya uhakiki. Eneo hilo ni Nyanza Kusini ya zamani nchini Kenya, yaani nchi ambayo leo imo katika kaunti za Homa Bay na Migori, kuanzia Oyugis na Kanyamwa hadi Kanyamkago na machimbo ya dhahabu ya Osiri, pamoja na jirani yake Gusii. Hoja inayotetewa ni kwamba katika eneo hili, kati ya miaka ya 1950 na 1980, fikra ya kuwa hulka ni kitu kilichofungwa ndani ya mtu ilipata pigo ambalo uhakiki wa riwaya ya Kiswahili bado haujalitilia maanani.

2.0 Kivuli cha Mathari

Masimulizi hayawezi kuanzia Nyanza kwa sababu nadharia iliyoandikwa kwa kirefu kuhusu nafsi ya Mwafrika nchini Kenya ilitokana na kazi iliyofanyika Nairobi. J. C. Carothers alisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alidai kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu hiyo. Kwa mujibu wa maelezo yake, Mwafrika hakuwa na nafsi iliyokamilika, bali mkusanyiko wa desturi uliomshikilia kutoka nje, na desturi zikivunjika basi naye huvunjika.

Kama hayo yangebaki katika rafu za maktaba, yangekuwa kioja tu cha kitaaluma. Hayakubaki huko. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilipiga chapa kijitabu cha Carothers juu ya saikolojia ya Mau Mau. Ndani yake uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa kuwa ni msukosuko wa nafsi zilizokatika kutoka kwenye mila, na miongoni mwa tiba alizozipendekeza ilikuwa kuwakusanya watu katika vijiji vipya. Wafungwa wa Hali ya Hatari walipelekwa hadi kwenye visiwa vya Mageta na Saiyusi katika Ziwa Viktoria, na lugha iliyotumika kuwahusu ilikuwa ya tiba: walipaswa kutapika kiapo, kusafishwa na kurekebishwa. Nadharia ya hulka iligeuka kuwa ratiba ya kambi.

Frantz Fanon, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu wa akili, alimjibu Carothers mwaka 1961 katika kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Jibu lake linajulikana vya kutosha na halihitaji kurudiwa hapa. Linalostahili kuongezwa ni jambo dogo la utaratibu ambalo mhakiki wa fasihi analiona upesi zaidi kuliko tabibu: Carothers alikuwa msomaji mbaya. Aliwaona watu mahali pamoja tu, katika wodi yenye kufuli, kisha akasimulia maisha yao yote kutokana na ukurasa huo mmoja.

3.0 Nyansongo na watoto wa jamii sita

Wakati Carothers anaandika, Marekani palikuwa pamestawi mkondo mwingine. Ruth Benedict mwaka 1934 na Margaret Mead mwaka 1935 walikuwa wamedai kwamba kila utamaduni hufinyanga hulka kwa namna yake, na kwamba yale yanayoitwa maumbile ya mwanamume na ya mwanamke hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine. Wafuasi wa Sigmund Freud waliongeza kuwa ufinyanzi huo hutokea mapema mno, wakati wa kunyonya, kuachishwa ziwa na kufundishwa haja. John Whiting na mwenzake Irvin Child walijaribu mwaka 1953 kuyapima madai hayo kwa kulinganisha tamaduni nyingi. Upungufu ulikuwa dhahiri: taarifa walizozitegemea ziliandikwa na watu waliokwenda kutafuta mambo mengine.

Ndipo ulipopangwa utafiti wa jamii sita, chini ya John na Beatrice Whiting. Robert LeVine na Barbara LeVine walikaa Gusii kati ya mwaka 1955 na 1957, katika jumuiya iliyoingia vitabuni kwa jina la Nyansongo. Wakati huo Gusii na nchi ya Waluo wa kusini zilikuwa chini ya utawala wa wilaya moja, makao yake makuu yakiwa Kisii. Jamii nyingine tano zilikuwa Mexico, Ufilipino, Okinawa, India na kitongoji kimoja cha kaskazini-mashariki mwa Marekani. Taarifa za awali zilitoka mwaka 1963, na uchanganuzi wa mienendo ya watoto 134 ulichapishwa mwaka 1975.

Matokeo yake yalikwenda kinyume na matarajio ya waliokuwa wakitafuta siri ya hulka katika kunyonyeshwa. Watoto wa Nyansongo, kama wale wa Mexico na Ufilipino, walionekana kuwa wepesi wa kusaidia na kuwajibika kwa wadogo zao kuliko watoto wa kitongoji cha Marekani, ambao waliomba sana kusaidiwa na kutazamwa. Maelezo yaliyotolewa yalihusu uchumi wa kaya. Mama wa Nyansongo alikuwa na shamba, hakuwa na mtumishi, na mtoto wake wa miaka mitano au sita alikuwa na kazi ya kweli: kumbeba mdogo wake, kuchota maji, kuchunga. Mtoto wa kitongoji cha Marekani alikuwa na vitabu na vyombo vya kuchezea. Huyo wa kwanza hakuzaliwa na huruma zaidi. Alikabidhiwa mtoto mchanga, na mtoto mchanga akilia hana subira ya kungojea nadharia.

Hata hivyo mwanya ulibaki. Mtu angeweza kusema kwamba Wagusii wana hulka yao na Wamarekani yao, na kwamba kazi ni dalili tu ya tofauti hiyo. Ili kuuziba mwanya huo ilihitajika jamii moja ambayo ndani yake watoto wa jinsia moja, wa mila moja na wa mtaa mmoja wamepewa kazi tofauti, tena si kwa sababu ya hulka zao.

4.0 Oyugis, 1967–1968

Jamii hiyo ilipatikana umbali wa safari fupi tu kutoka Gusii, kwa Waluo wa Oyugis. Carol Ember alifanya utafiti wake huko mwaka 1967 na 1968, na makala yake ikachapishwa mwaka 1973. Mgawanyo wa kazi katika nyumba ya Mluo ulikuwa unajulikana. Mvulana huchunga ng'ombe, huwa karibu na baba na babu, na akibalehe hujenga simba yake karibu na lango la boma. Msichana hupika, husaga, hufagia, hubeba mtoto. Lakini katika mtaa ule, kwa bahati tu, wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Nyumba nyingi hazikuwa na binti wa umri wa kumsaidia mama, na kazi haikuweza kungojea azaliwe. Akina mama wakawapa wavulana kazi za dada zao.

Hapa ndipo ulipo uzuri wa kisa cha Oyugis. Mama hakumchagua mvulana mpole akampa sufuria. Angefanya hivyo, utafiti usingethibitisha lolote, kwa kuwa ingesemwa kwamba upole ndio uliotangulia. Kilichoamua zaidi ni kama ndani ya nyumba yumo dada au hayumo, jambo ambalo mvulana mwenyewe hakuwa na neno juu yake. Ember aliwatazama watoto, tena wakati ambao hawakuwa katika kazi hizo, akaandika nani anamchokoza nani, nani anaamrisha, nani anatoa msaada, nani anatafuta kusaidiwa. Wavulana waliokuwa wakifanya kwa wingi kazi za kike za ndani ya nyumba walionekana kuwa na uchokozi na ubabe mdogo kuliko wavulana wengine, na mwenendo wao ulikuwa kati ya ule wa wavulana hao na ule wa wasichana. Kazi za kike za nje ya nyumba hazikuwa na athari hiyo kwa kiwango hicho. Kwa hiyo si jina la kazi lililohesabika, wala si aibu au sifa ya kuitwa mfanyakazi wa kazi za kike. Lililohesabika ni mahali kazi ilipofanyika, na pamoja na nani: karibu na mama, karibu na mtoto mdogo anayehitaji kutulizwa, mbali na kundi la wenzao wa machungani.

Mwaka huo huo wa 1968, mbali na Oyugis, Walter Mischel alichapisha kitabu kilichowasumbua wanasaikolojia wa Marekani kwa miaka mingi. Alidai kwamba sifa za hulka, kama ukweli au ukali, hutabiri kwa udhaifu sana jinsi mtu atakavyotenda akitoka katika hali moja akaingia katika nyingine. Mabishano yaliyofuata, kati ya watetezi wa sifa za hulka na watetezi wa hali, yalijaza majarida. Inashangaza kidogo kwamba katika mabishano hayo wavulana wa Oyugis hawakutajwa kwa kadiri waliyostahili, kwa sababu walikuwa na jibu ambalo si la upande wowote kati ya hizo mbili. Walichokifanya jikoni kilifuatana nao walipotoka jikoni. Basi hali haikuwa vazi la kuvaliwa na kuvuliwa mlangoni. Lakini hawakuzaliwa nacho pia. Hulka, kwa maana hiyo, ni kazi iliyorudiwa hadi ikazoeleka mwilini.

Beatrice Whiting mwenyewe aliupokea msimamo wa namna hii. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1988 pamoja na Carolyn Pope Edwards, ambamo watoto wa Oyugis wamo miongoni mwa jamii zilizolinganishwa, mkazo umeondoka kwenye yale ambayo mzazi anamfundisha mtoto kwa makusudi na kuhamia kwenye mahali anapomweka na watu anaomweka nao.

Utafiti wa Oyugis una kasoro zake. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo. Kipimo cha mwenendo wa kiume na wa kike kilibebwa kutoka kwenye tafiti zilizotangulia, na msomaji wa leo ana haki ya kuuliza kwa nini kumtuliza mtoto anayelia kuitwe uke. Na kama ilivyo kawaida ya taaluma ile, watoto wanaingia katika majedwali kama idadi, hawaingii kama wasemaji. Mvulana aliyeitwa na mama akamwacha mwenzake na ng'ombe malishoni aliiona vipi siku yake? Hilo halikuwa swali la Ember. Ni swali la mwandishi wa riwaya, na katika Kiswahili riwaya hiyo haijapewa nafasi.

5.0 Timbe, jina na dhahabu

Watu wa eneo hili hawakuwa wakingojea wageni ndipo wafikirie juu ya nafsi. Dholuo hutenganisha kit, ambayo ni asili au namna ya mtu kuwa, na timbe, ambayo ni mwenendo. Na neno timbe limetokana na kitenzi timo, kutenda. Chuny ni ini, na pia ni moyo na roho. Mtu hujulikana kwa timbe zake. Mzungumzaji wa Dholuo anayetafsiri neno tabia kwa timbe amekwisha kuiondoa katika maumbile na kuitia katika matendo, labda bila kujua.

Jambo hili la msamiati si dogo. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert waliokota katika kamusi ya Kiingereza maneno karibu 18,000 yanayoeleza watu, kwa imani kwamba tofauti za hulka zilizo muhimu lazima zimepata majina katika lugha. Katika imani hiyo, baada ya miongo kadhaa ya hesabu, ndimo ilimotoka nadharia ya sifa kuu tano za hulka inayotawala saikolojia ya siku hizi. Lakini kamusi ile ilikuwa ya lugha moja. Uchunguzi wa msamiati wa Kimaa, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020 pamoja na ya lugha moja ya Afrika Magharibi, haukuzikuta zile tano kama zilivyotarajiwa. Dholuo ingefaa kuchunguzwa vivyo hivyo, na haitoshi kuorodhesha vivumishi vyake, kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo ya mtu katika lugha hii haimo katika vivumishi. Imo katika majina.

Otieno amezaliwa usiku, Omondi alfajiri, Ochieng' jua likiwa kali, Okoth wakati wa mvua. Opiyo ametangulia katika mapacha, Odongo amefuata, na Okello amezaliwa baada yao. Pamoja na hilo mtoto huweza kupewa jina la marehemu wa ukoo, hasa aliyetokea katika ndoto ya jamaa. Majina mawili, nadharia mbili: moja humweka mtoto katika saa na mazingira ya kuzaliwa, nyingine humrudisha katika ukoo. Gustav Jahoda aliandika mwaka 1954 juu ya Waashanti wa Ghana, ambao humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa na kumtarajia awe na tabia ya siku hiyo, akaonyesha kwamba matarajio ya watu yanaweza kumfanya mtoto awe kama jina lake lilivyosema. Kwa Waluo jina la saa halibebi utabiri wa namna hiyo kwa nguvu. Jina linalobeba uzito ni lile ambalo mtu analipata ukubwani.

Gor wa Kanyamwa, katika nchi ya Ndhiwa, hakuzaliwa Mahia. Jina hilo, lenye maana ya maajabu, alipewa kwa yale aliyoyafanya au aliyosadikiwa kuyafanya: kutabiri, kuponya, kujigeuza kiumbe kingine au kikongwe mbele ya waliomtafuta. Masimulizi juu yake yanamsumbua mhakiki aliyezoea kumpanga kila mhusika katika bapa au duara, kama E. M. Forster alivyopendekeza mwaka 1927. Gor hana undani unaofunuliwa pole pole, na wala si mhusika wa sifa moja. Kila anapotokea anakuwa yule ambaye hali inamtaka awe, na bado wasikilizaji wanamtambua.

Jambo hilo hilo huonekana katika pakruok, utanzu wa kujisifu ambao hustawi penye nyatiti, kwenye vilabu vya pombe na katika vilio vya matanga. Anayetaka kujisifu hulipa ili muziki usimame, kisha hujitangaza. Hasemi kwamba ana ujasiri au ukarimu. Husema yeye ni mwana wa nani, mjukuu wa nani, ametoka wapi, rafiki yake ni nani, ametenda nini. Ingekuwa makosa kuuona utanzu huu kama dirisha la kuingilia nafsini. Ni maonyesho, na anayejisifu anaweza kudanganya bila ya mtu kumkatiza. Lakini hata uongo wake hutengenezwa kwa malighafi ile ile: nasaba, mahali, matendo.

Siwindhe nayo ina nafasi hapa. Ilikuwa nyumba ya bibi mzee, pim, ambamo wasichana na watoto wadogo walilala na kusikiliza sigana. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, walioandika mwaka 1989 juu ya Siaya ng'ambo ya ghuba, wameeleza jinsi pim, ambaye mara nyingi hakuwa wa ukoo wa nyumba ile, alivyokuwa mlezi wa fikra za watoto kuhusu watu na ndoa na dunia. Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuyachambua masimulizi ya siwindhe kana kwamba yalielea hewani. Kumbe palipokuwa na hadithi ndipo palipokuwa na malezi, na mtoto alijifunza kumsikiliza mtu mzima, kumpisha mwenzake na kulala penye wengi katika usiku ule ule aliojifunza kisa cha zimwi.

Ushahidi mzito kuliko yote umo katika dhana ya pesa makech, pesa chungu, ambayo Parker Shipton aliichunguza huko Kanyamkago na kuiandikia kitabu mwaka 1989. Pesa zilizotokana na kuuza ardhi ya ukoo, wizi, bangi, tumbaku au dhahabu zilihesabiwa kuwa chungu. Hazikufaa kulipia mahari wala kununulia mifugo ya kuendeleza nyumba, kwa maana zingeleta maafa, hadi zitakaswe. Kwa nini dhahabu ichangamane na wizi? Kwa sababu hupatikana ghafla, bila ya jasho linaloeleweka wala wakati wa kupanda na kuvuna. Ndani ya dhana hii imo nadharia ya hulka ambayo haijaandikiwa kitabu cha kiada: mali huja na historia ya jinsi ilivyopatikana, na historia hiyo huingia ndani ya mtu.

Huko Osiri, katika Nyatike, nadharia hiyo imekutana na maisha. Mgodi mkubwa wa Macalder, uliofunguliwa wakati wa ukoloni, ulifungwa mwaka 1966, na dhahabu ya eneo lile imebaki mikononi mwa wachimbaji wadogo. Kwa kawaida wanaume hushuka mashimoni, na wanawake huponda mawe, huosha udongo na kuchekecha. Watu wa nje huwaeleza wachimbaji kwa sifa za hulka: ni wafujaji, hawana kesho, wana tamaa. Maelezo hayo yanafanana kwa namna ya kutia wasiwasi na yale ya Mathari, kwa kuwa yanachukua mwenendo unaotokana na kipato kisichotabirika na kuufanya kuwa maumbile ya mtu. Dhana ya pesa makech, pamoja na vitisho vyake, ina uadilifu zaidi. Inasema uchungu umo katika pesa, na unaweza kutakaswa. Haisemi umo katika damu ya mchimbaji.

6.0 Rosa na Charles

Ng'ambo ya mpaka, katika ziwa hilo hilo, kipo kisiwa cha Ukerewe alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, miaka michache tu baada ya utafiti wa Oyugis. Uhusiano wa moja kwa moja kati yake na tafiti zilizotajwa haupo. Lakini riwaya hiyo imesomwa kwa nadharia ile ambayo Oyugis iliitikisa, na hapo ndipo pana haja ya kuisoma upya.

Usomaji uliozoeleka ni wa Kifreudi, hata pale Freud asipotajwa. Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles. Rosa anakua akiwa amewaogopa wanaume, matamanio yake yamekandamizwa, na akishatoka nyumbani kwenda shule ya bweni na baadaye chuo cha ualimu, kilichokandamizwa kinalipuka. Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, amesomwa vivyo hivyo. Usomaji huu una ukweli ndani yake, na Kezilahabi mwenyewe anauelekea anapolaumu malezi ya ukali. Upungufu wake ni kwamba unaifunga hesabu ya Rosa siku ile ya kipigo. Yote yanayofuata yanakuwa matokeo tu.

Akisomwa kwa macho ya Oyugis, Rosa ni binti wa kwanza katika nyumba ya mabinti, ambamo baba hatimizi wajibu wake. Kabla ya kuwa mwathiriwa wa baba, yeye ni msaidizi wa mama na mlezi wa wadogo zake. Hiyo ndiyo kazi iliyomzoesha. Shule ya bweni inamwondolea kazi hiyo bila kumpa nyingine yenye uzito, na inamweka kati ya wenzake na wanaume wenye cheo na fedha, ambao wana kazi moja tu ya kumpa. Mabadiliko yake hayahitaji mlipuko wa kitu kilichofichika. Yanahitaji tu kuulizwa: sasa anakaa na nani, na anatakiwa kufanya nini kila siku? Na swali hilo hilo linaeleza kwa nini baadaye anatulia, akiwa mwalimu, akiwa tena na watoto mikononi mwake. Wahakiki wengi wameupita utulivu huo haraka, kwa sababu nadharia yao haikuwa na mahali pa kuuweka.

Asiyeupita haraka anauona msiba kwa namna nyingine. Charles, aliyerudi akitaka kumwoa, anapojua kwamba Rosa si bikira anamwacha, na Rosa anajiua. Charles hamsikilizi Rosa aliye mbele yake. Anaamini kwamba hulka ya mwanamke hufungwa mara moja na haifunguki, na kwamba yaliyotendeka chuoni ndiyo Rosa, ilhali yanayotendeka sasa ni kifuniko. Hiyo ni nadharia ya nafsi, na katika kurasa zile inaua. Kipigo cha Zakaria Rosa alikimudu akaendelea kuishi. Lililomshinda ni hukumu ya mtu aliyekwisha kumsoma akamaliza.

Riwaya ilipotoka ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda. Hofu iliyokuwapo ni kwamba wanafunzi wangeiga mwenendo wa Rosa, na hofu hiyo nayo ilikuwa na nadharia nyuma yake, kwa kuwa Albert Bandura alikuwa ameonyesha mwaka 1961 jinsi watoto wanavyoiga ukatili wanaouona ukitendwa na watu wazima. Lakini watoto wa Bandura walimwona mtu mzima akilipiga sanamu bila ya kupatwa na lolote. Rosa anakufa. Waliokifungia kitabu walimwona Rosa wa chuoni wakafunga jalada, wakawaacha nje wanafunzi ambao wengi wao walikuwa wasichana wa bweni, walioachana na wadogo zao huko vijijini juma la kwanza la muhula.